Vidonge vya Mwari

Jumamosi, 2 Agosti

Nimemsinga Rukia mafuta mwili mzima asubuhi, kama kila siku. Mwari wangu katoka mashavu! Posa ilipokubaliwa mwezi wa tano alikuwa fito. Mama mkwe mtarajiwa alimtazama akaguna. Leo fundi kalifungua gauni kiunoni mara ya pili.

Vidonge viwili asubuhi, viwili jioni. Nanunua dukani, vimefungwa kwenye karatasi, havina jina. Masomo wenzangu, sisi tunaowafunda wari, wote huwapa maharusi wao. Dada Zuhura, mamake Rukia, anadhani ni maziwa na tende. Nimemwacha adhani hivyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Kesho nikaha. Hina imekolea. Uso wa duara, unang'aa. Tumboni ana michirizi myekundu. Nimejiambia ni ngozi inatanuka.

Amemeza vya mwisho. Karatasi nimeitupa. Kazi yangu imekwisha.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeenda Barani, kwa mumewe. Rukia kalala. Anatapika, hana nguvu hata ya kujifunga leso. Mama mkwe akahesabu siku za ndoa kwa vidole, mbele yangu, polepole. Tano. "Huyu kaja na mzigo wake," akasema. Hospitali ya nini, akapewa ndimu anyonye.

Rukia hajawahi kushikwa mkono na mwanamume. Mimi najua. Nikamkatia ndimu nyingine. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 15 Agosti

Kaanguka msalani. Tumemkimbiza hospitali. Presha imeshuka, mikono baridi. Daktari, binti mdogo tu, akauliza ametumia dawa gani. Zuhura akajibu, "Hakuna, mwanangu hata ya kichwa hanywi." Daktari akauliza tena. Nilitazama viatu vyangu. Alipouliza mara ya tatu, Rukia hakuwa akiitika tena jina lake.

Nikasema. Vya kunenepesha. Miezi mitatu. Nilimwachisha Alhamisi ya wiki jana, vyote kwa mpigo.

Daktari hakunigombeza. Alimchoma sindano ya mshipa papo hapo.

Jumapili, 17 Agosti

Amefumbua macho. Alhamdulillahi.

Daktari kanieleza. Si sumu. Ni dawa ya watu wenye pumu, wenye mzio mkali, wenye viungo vilivyovimba. Inafanana na kitu ambacho mwili hujitengenezea wenyewe, juu ya figo. Ukiletewa kingi kutoka nje kwa muda mrefu, mwili huacha kutengeneza chake. Ukikatiwa ghafla, unabaki mtupu. Mashavu yale hayakuwa siha. Mimi nikayasifu, nikayapaka mafuta.

Mama mkwe kaambiwa hakuna mimba. Hajaomba radhi. Nimemwamkia Zuhura shikamoo mara mbili. Hajaitikia.

Nimewaza wale wengine niliowapa. Saba. Lazima niwaendee, mlango kwa mlango.

Alhamisi, 28 Agosti

Rukia yuko Muyeye, kwa mamake. Anatembea mpaka uani. Mumewe huja jioni, hukaa naye kidogo.

Bado anameza vidonge vilevile. Vya hospitali sasa, vina jina. Vitapunguzwa kidogo kidogo, miezi, mpaka mwili wake uamke.

Leo asubuhi Zuhura alikuwa jikoni. Nikammiminia Rukia maji, nikamtolea kidonge, nikakiweka kiganjani mwangu kama zamani. Alipokea maji. Akasema, "Ahsante, mama mdogo."

Kidonge, akamngoja mamake ampe.