Udongo Uliolowa kwa Baba Salumu

Alhamisi, mwezi wa Rajabu. Tangu asubuhi jua halina huruma, na upepo unaoshuka mlimani ni mkavu hata midomo inapasuka. Herufi zangu zinapanda na kushuka. Marehemu baba, aliyenifundisha kuandika, angenifutisha ubao nianze upya. Naandika hivyo hivyo, kwa sababu hakuna mtu ninayeweza kumwambia yote.

Nina hofu tangu juzi. Hata sasa ninayo.

Masika ya mwaka huu yalituacha mapema. Mahindi yalinyauka yakiwa hayajapita goti, na mboga yetu ikabaki ile bustani ya nyuma ya nyumba: matuta manne ya mchicha, bamia, biringanya chache na nyanya. Mume wangu Shomari yuko Mikese, anachimba udongo wa reli, haji nyumbani ila mwezi ukiandama. Mimi na binti zangu wawili tulikuwa tukimwagilia kwa mfereji unaopita juu ya nyumba zetu, kwa zamu na majirani, kama walivyofanya bibi zetu.

Kisha jumbe wa kijiji chetu akaja na amri ya boma la Wadachi. Maji yote ya mfereji yateremke mpaka kambi ya wajenzi wa reli, sisi tuchote ya kunywa na kupikia tu. "Atakayefungulia bustani yake, mwanamume atakula viboko ishirini na tano, mwanamke atatiwa mnyororo," alisema, wala hakututazama usoni. Tangu vita vya kule kusini hakuna anayebishana na boma. Na vita vile, kila mtu anajua, vilianza na habari ya maji.

Nilivumilia siku kumi na moja. Niliimwagia miche maji ya kuoshea vyombo, nikatandaza majani makavu ya migomba juu ya matuta. Mchicha ukalala. Bamia zikatoa maua, maua yakapukutika. Ningependa kuandika kwamba niliiba kwa ajili ya watoto, na kweli binti yangu mdogo, Mwanahawa, alikuwa amechoka kula ugali kwa chumvi. Lakini huo si ukweli wote. Nilikuwa na miche sita ya nyanya niliyoilea tangu mbegu, na sikuweza kuitazama ikifa hatua chache tu kutoka kwenye maji.

Nikafungua.

Alfajiri tano. Adhana ikiisha, kabla watu hawajatoka nje, nilikuwa nikiondoa jiwe moja na tope la kiganja penye mfereji, nahesabu mpaka mia tatu, naziba. Kila nilipoziba niliapa kuwa ndiyo mara ya mwisho.

Sikufikiri maji yanakwenda wapi yakishazama ardhini.

Baba Salumu ni jirani yangu wa chini. Ni mtu mzima, mjane, mwanawe alishafariki, ana pumu, si mwingi wa maneno. Bustani yake inaanzia pale yangu inapoishia, katikati kuna ukingo wa udongo tu. Juzi Jumanne jumbe alipita kukagua, akiwa na askari mmoja. Matuta yangu yalikuwa yamefunikwa majani makavu, hawakuyafunua. Kwa Baba Salumu, chini ya ukingo, udongo ulikuwa mweusi, umelowa. Askari aliuchota, akaufinya, akamwonyesha jumbe.

"Maji haya umeyatoa wapi?" jumbe akamuuliza.

"Sijui," alijibu Baba Salumu.

Kisha akainua macho. Akautazama ukingo, akanitazama mimi niliyesimama juu yake na ufagio mkononi. Alielewa. Nami nikaona kuwa ameelewa.

Hakunitaja. Nami sikujitaja.

Walimfunga kwenye nguzo ya baraza la jumbe, amngoje akida, mkubwa wa majumbe, atakayekuja Jumamosi. Jana kutwa nilijifungia ndani nikitafuta visingizio. Labda akida atamhurumia kwa ile pumu. Labda Shomari atatokea, aseme la kufanya. Nani atawapikia wanangu mimi nikiwa mjini nafagia njia na chuma shingoni? Wanawake wale nimewahi kuwaona, watatu kwenye mnyororo mmoja. Mmoja wao alikuwa na mtoto mgongoni.

Asubuhi ya leo nilimtuma Zaina, binti yangu mkubwa, ampelekee uji. Aliporudi hakutaka kula.

"Mama, Baba Salumu anakohoa mpaka anashindwa kushika kata," aliniambia. "Nimemnywesha mimi, kama mtoto."

Nilijifunga kaniki yangu, nikatoka. Njiani niligeuka nyuma mara mbili. Mara ya pili nilifika hadi uani kwangu, nikawasikia watoto wakiongea, nikaanza tena safari.

Jumbe alikuwa peke yake barazani. Baba Salumu alikuwa nguzoni, amefumba macho.

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba, Mama Zaina. Mumeo karudi?"

"Bado. Jumbe, maji niliyafungua mimi. Yalimfikia Baba Salumu kwa chini. Yeye hana kosa."

Kwanza aliangalia kulia na kushoto. "Mara ngapi?"

"Alfajiri tano."

Uso wake ulibadilika, nami nikashangaa, maana haikuwa hasira. Ilikuwa hofu, hofu hii hii ninayoijua.

"Tano," alisema kwa sauti ya chini. "Mfereji nimekabidhiwa mimi. Nikimwambia akida kuwa mwanamke kaufungua siku tano, ataniuliza nilikuwa wapi. Hata mimi nina mgongo, mama."

Halafu akasema, "Nenda ukang'oe bustani yote, leo, kabla ya alasiri. Pindua udongo ukauke. Naye atang'oa ya kwake. Akida akija ataona vumbi, nami nitamwambia nilimdhania mtu."

"Na askari aliyeushika ule udongo?"

"Huyo niachie mimi."

Lakini sauti yake haikunipa imani.

Kamba niliifungua mwenyewe, kwa meno, maana fundo lilikuwa limekaza. Nilipiga magoti nikamwomba Baba Salumu radhi. Alisugua vifundo vya mikono yake muda mrefu kabla ya kunijibu.

"Ulijua tangu Jumanne," alisema. "Leo Alhamisi."

Alishuka polepole, akishika miti ya njiani, wala hakutaka nimshike mkono.

Nimeng'oa vyote. Nyanya zilikuwa zimeanza kutunga, kijani, ndogo kama shanga, na mizizi yake ilitoka na tope lenye ubaridi. Mwanahawa alilia, akidhani mama yake amepata wazimu. Mchicha niliupika wote, tukala mpaka tukashindwa, na bakuli moja nikaliweka mlangoni kwa Baba Salumu. Nilimsikia ndani akikohoa. Sijui kama ameula mchicha au amewapa kuku.

Nyuma ya nyumba sasa ni udongo mtupu. Jua limekwisha kuukausha.

Bado naogopa. Naogopa askari asije akasema alichokiona. Namwogopa jumbe zaidi, kwa sababu nimeuona woga wake, na mtu mwenye woga hutafuta wa kumsukuma mbele. Akibanwa, atamtoa nani? Mimi nina mume, na mume wangu yuko kwenye kazi yao ya reli. Baba Salumu hana mtu.

Basi Jumamosi nitakuwa barazani kabla ya akida kufika. Watoto nitawapeleka kwa dada yangu Mkuyuni kesho, baada ya sala ya Ijumaa, ili nisipate kisingizio cha kurudi nyumbani. Akida akilitaja jina la Baba Salumu, nitataja langu, sitangoja kuulizwa.

Nimeiandika ahadi hii kwa wino, nisije nikajidanganya kwamba sikuitoa.