Jina la Nyamahoro halikusomwa

Mjini Baraka, Jumanne. Mvua tangu asubuhi, na moyo wangu mchungu kama mwarobaini.

Leo kituo cha walemavu kimesoma majina ya watakaofundishwa kushona. Mafunzo miezi sita, kisha kila mmoja anapewa mashini yake. Jina langu limesomwa la pili. La Nyamahoro halikusomwa.

Nyamahoro nilimjua hospitalini, wakati wa vita. Mimi Mubembe, yeye Munyamulenge, kabila la watu wa milimani, vitanda vyetu vikikaribiana. Mimi nilikatwa mguu wa kushoto, yeye wa kulia. Tulinunua jozi moja ya kandambili, tukagawana.

Wiki jana tulipimwa kwa kushona kola ya shati. Kola yangu ilienda upande. Nyamahoro aliifumua chini ya meza, akaishona upya, ndipo nikaipeleka. Kwa hiyo hata hiyo nafasi ya pili ni kazi ya mikono yake.

Leo, baada ya majina kusomwa, alikwenda kumuuliza sekretere wa kituo. Nilikuwa nyuma yake.

"Mama, we uko na ndugu zako kule milimani. Bao batakusaidia."

"Kule milimani sijue hata njia," Nyamahoro akasema. "Mi nilizaliwa hapa hapa Baraka."

Sekretere alifungua daftari la majina. Alinigeukia mimi, akanisukumia kalamu.

Nikatia sahihi.

Nje, magongo yetu yalizama kwenye matope. Kawaida tunangojana. Leo alitangulia. Nilipomwita aligeuka, akasema, "Usome muzuri, dada." Hakuwa ananikejeli. Afadhali angenitukana.

Nilirudi ndani peke yangu. Nilimwambia sekretere kwamba yule mama anatushinda sote, na kwamba anaachwa kwa sababu ya kabila tu. Aliinua macho taratibu.

"Kama unamuhurumia sana, umupatie nafasi yako. Nifute jina?"

Kalamu ilikuwa tayari juu ya jina langu. Nikawaza watoto wangu watatu. Nikawaza soko, mihogo ninayouza nimekaa chini, watu wakiniruka kama gogo.

Nikasema, "Hapana."

Akacheka kidogo. Alijua.

Nimejiambia nitamfundisha kila nitakachofundishwa, kwamba mashini tutaitumia sote wawili. Maneno mazuri. Lakini nimfundishe nini mtu aliyenishonea mtihani? Na nitaingiaje nyumbani kwake kumwambia?

Masomo yanaanza Jumatatu. Nitakuwepo, tena mapema. Ninajijua, na hilo linaniuma kuliko mguu nisiokuwa nao.