Kwa Nini Sikuteremka Dodoma

Kwa mkono wa Anastazia,
Nyumba za Reli,
Kilosa.

27 Desemba, 1971.

Mpendwa Dada Mwantumu,

Shikamoo, Dada. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto wote, na kile kikohozi cha Salehe kiwe kimekwisha. Je, huko Dodoma mvua zimeanza, au bado mnatazama mawingu yakipita tu? Huku Chanzuru zimeshika kweli, mahindi yamefika magotini, na mto Mkondoa umejaa hadi unausikia kabla hujauona. Mimi ni mzima, ila mbavu za kushoto huniuma nikicheka au nikipiga chafya. Sababu yake utaisoma.

Najua ulikuja stesheni. Mume wa Anastazia alisikia kwa wenzake wa reli kwamba kulikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni akichungulia madirishani, behewa baada ya behewa, hata treni ilipoanza kuondoka. Nilipoambiwa hivyo niliingia jikoni nikalia, nikasingizia moshi. Nisamehe kwa kukusimamisha kwenye baridi ile ya alfajiri bure. Nataka nikueleze mwenyewe kilichonizuia, usije ukadhani niliogopa. Niliogopa, lakini sicho kilichonizuia.

Uliponiambia, wakati wa arobaini ya mama, kwamba siku yoyote nitakayopata njia nipande treni nije, niliweka maneno hayo moyoni. Mwinshehe hanipigi, Dada, hilo tusimzulie. Ananipa nguo, ananipa chakula, na jina langu analitaja kwa upole. Lakini ufunguo wa mlango wa uani anaufunga kwenye pindo la msuli wake, na nikitaja talaka anacheka kama mtu aliyesikia neno la mtoto. Tangu aniweke ndani sijafika hata shuleni kumsalimu mwalimu wangu. Nyumba nzima ni mimi, yeye na Bi Chausiku, mke wake mkubwa, ambaye binti zake wote wameolewa Mikumi. Bi Chausiku si mtu wa maneno mengi. Tumeishi jiko moja muda wote huu tukisemeshana mambo ya chumvi na kuni tu.

Basi zikaja sherehe za miaka kumi ya Uhuru. Kilosa mjini palijaa, sijawahi kuona. Malori yalileta vikundi vya ngoma kutoka Kidete, Ruhembe, hata Mikumi kule, na jioni zilikuwa zipige bendi mbili za dansi, moja ya Morogoro na moja ya Dar es Salaam. Mwinshehe aliona biashara. Akajenga kibanda cha chai na maandazi pembeni ya uwanja, karibu na lile ghala la zamani la pamba lililo upande wa reli, na kwa kuwa mikono miwili haitoshi kwa watu wengi namna ile, akatuchukua wake zake wote wawili. Nilipojua hivyo ndipo nikamtuma rafiki yangu Anastazia, alipokuja kunisalimu, akuletee habari, na akanikatia tikiti.

Mzigo nisingeweza kubeba. Nilivaa magauni mawili, moja juu ya jingine, nikajifunga kanga juu yake. Joto lilinichoma tangu mchana, lakini nilivumilia. Na nilikuwa nakumbuka ulivyonifundisha kwa habari ya umati: nipite pembeni, nisikate katikati, nisikimbie, maana anayekimbia huangaliwa, na vilabu vya pombe nisivipite peke yangu usiku.

Hapo pa mwisho ndipo paliponishinda. Kutoka kibandani kwenda stesheni kulikuwa na njia moja tu isiyo na tope, nayo ilipita nyuma ya ghala, gizani, penye wauza pombe na vijana waliokwisha kulewa. Bendi ya pili ilipoanza na watu wakasogea kucheza, nikamwambia Mwinshehe naenda kujisaidia. Kabla hajajibu, Bi Chausiku akaweka chini kijiko chake cha maandazi.

"Huko nyuma hapafai," akasema. "Twende wote."

Ningesema nini? Nikatembea, naye nyuma yangu. Nikawa nawaza namna ya kumpotea. Watu walikuwa wamebanana, wanacheza, wanaitana majina, wengine wamelala chini hivi hivi na watoto wao. Nikipinda kulia, namwona. Nikijichomeka katikati ya wanawake wa kikundi cha Ruhembe waliojifunga vitambaa vyekundu, namsikia: "Mwamvua, nipo hapa." Sikujua kama ananilinda au ananichunga.

Ndipo mvua ikashuka. Dada, haikuanza kwa matone, ilimwagwa. Wapiga muziki wakabeba vyombo vyao wakakimbilia ghalani, na uwanja mzima ukawafuata. Sisi tulikuwa karibu na mlango. Sikuingia ghalani kwa miguu yangu. Nilibebwa. Niliona mlango ukinipita pembeni, ule mlango mkubwa wa chuma unaosukumwa kwenye reli yake, kisha nikawa ndani, kifua changu kwenye mgongo wa mtu na ukuta wa bati ubavuni.

Mwanzoni watu walicheka. Bendi ikapiga tena, taa zikiwa zinawaka kwa jenereta. Lakini walioko nje walikuwa wanalowa, wakaendelea kuingia, na walioko ndani hawakuwa na pa kwenda. Vijana wa ulinzi wakajaribu kuufunga mlango ili wengine wasiingie, ukafika nusu. Kisha umati ukauegemea kutoka ndani na nje, ukapinda, ukakwama pale pale. Jenereta nayo ikazima. Kukawa giza, na kelele ikabadilika. Sijui nikueleze vipi. Watu wengi wakipiga kelele za furaha unasikia maneno. Hizi hazikuwa na maneno.

Mpiga tumba mmoja, niliambiwa baadaye anaitwa Cleopa, alipanda juu ya marobota ya magunia akapaza sauti: "Ndugu zangu, msisukume! Mkisukuma mnawaua walio ukutani!" Akaanza kupiga tumba lake polepole, peke yake, ili watu wapumue kwa kufuata lile pigo. Waliokuwa karibu naye walitulia. Sisi tulikuwa mbali.

Pumzi iliniishia. Magauni yale mawili yalikuwa yamelowa, yamenibana kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Bi Chausiku akageuka, sijui kwa nguvu gani, akanitazama uso kwa uso, akaweka mikono yake miwili ukutani, mmoja huku na mmoja huku, mimi nikiwa katikati. Mgongo wake ndio uliopokea watu.

"Pumua," akaniambia. "Fungua vifungo."

Vidole vyangu havikushika. Akatoa mkono mmoja, akanifungua kifungo cha kwanza na cha pili, kisha mkono ukasimama.

"Mwamvua. Mbona kuna gauni jingine?"

Wakati ule ule, Dada, treni ikapiga honi. Ghala liko jirani kabisa na reli. Ukuta ule wa bati ulianza kutetemeka nyuma ya kichwa changu, nikayasikia magurudumu yakigonga maungio ya reli, taratibu, halafu upesi. Kama pasingekuwa na ukuta, ningenyoosha mkono nikaligusa behewa. Nilisimama pale, nimebanwa, nikiisikiliza treni ikiondoka mpaka mwisho.

"Ni hiyo?" Bi Chausiku akauliza.

"Ndiyo."

"Kwa dada yako?"

"Ndiyo."

Akaurudisha mkono wake ukutani. Muda si mrefu wimbi jingine la watu likaja, kubwa kuliko yote, na mkono ule ukagota kwenye nguzo ya chuma. Nilisikia mlio wa mfupa waziwazi. Hakupiga kelele. Paji lake la uso liliangukia begani kwangu, akawa anapumua kwa kupiga mluzi, lakini ule mkono mwingine hakuutoa.

Kisha tukasikia watu wakibomoa bati kutoka nje, na sauti ya Mwinshehe. Niliitambua mara moja. Alikuwa anaita kama mtu anayeunguliwa na nyumba: "Mwamvua! Mwamvua wee! Mwamvua!"

Nikangoja jina la pili. Nikajua na Bi Chausiku anangoja, maana kichwa chake kilinyanyuka begani kwangu. Aliita tena na tena, Dada. Jina langu tu.

"Itika," Bi Chausiku akasema taratibu. "Wewe ndiye unayeitwa."

Nilipaza sauti nikasema, "Tupo hapa! Mimi na Bi Chausiku!" Bati likachanika karibu na miguu yetu, hewa ikaingia, nikavutwa kwa mikono kama mtoto anayezaliwa. Viganja vya Mwinshehe vilikuwa vinachuruzika damu kwa yale mabati. Alinifunika koti lake, akalia mbele za watu, mtu mzima yule. Akanishika kifundo cha mkono akaniongoza hadi kibandani, na ni pale tu alipotaka kuketi ndipo akauliza, "Mwenzio yuko wapi?" Bi Chausiku alikuwa anakuja nyuma yetu kwenye tope, ameushika mkono wake kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake.

Mungu hakuchukua mtu usiku ule, ingawa waliovunjika ni wengi. Hospitali walimfunga Bi Chausiku vibao na bendeji, wakasema mfupa umekatika safi na utaunga. Mimi waliniambia mbavu zimechubuka tu.

Sasa kuhusu nyumbani. Mwinshehe ameongeza komeo juu ya kufuli. Maji ya kisimani tunaletewa na mtu. Anasema, "Nilikaribia kukupoteza," na ananitazama hata nikifagia. Juu ya magauni mawili hajui lolote. Nilingoja siku nyingi Bi Chausiku amwambie, lakini hakumwambia. Kazi ya kumwogesha na kumfungia ule mkono imekuwa yangu, na tunapokuwa hivyo, yeye kwenye mkeka na mimi na bakuli la maji ya vuguvugu, tumeanza kuzungumza. Nimejua aliolewa akiwa mdogo kuliko mimi. Nimejua naye aliwahi kufika hadi daraja la Mkondoa na kanga yake kichwani, akarudi, kwa sababu ya mtoto aliyekuwa mgongoni.

Wiki iliyopita akaniambia jambo ambalo ndilo linalonifanya nikuandikie. Nilikuwa namfunga bendeji. Akasema, "Mimi sina chuki na wewe. Aliyeita si wewe. Lakini ukitoroka, atasema nimekufukuza kwa wivu, na mji mzima utamwamini, na mimi nitazeekea humo. Hilo usinifanyie."

Nikamuuliza, "Sasa nifanyeje?"

"Ngoja mkono upone. Nitamwambia mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mbele ya shehe, kwa mdomo wangu, kwamba mtoto huyu hataki kukaa, na kwamba mimi ndiye ninayemruhusu. Abishe akitaka. Halafu nitakusindikiza stesheni mchana, watu wakiona, mzigo wako kichwani kwangu."

Dada, nimekaa na maneno hayo. Usiku ule ghalani nilijua ninachokitaka. Treni ilipoondoka nilihisi kama nimezikwa nikiwa hai. Sasa mlango upo, ila haufunguki kwa miguu yangu, unafunguka kwa mfupa wa mtu mwingine. Na nikiondoka atabaki peke yake na lile komeo, na mwanamume ambaye hakuliita jina lake. Nikimwambia hivyo ananijibu nimimine maji, yanapoa.

Nisaidie kufikiri. Ukijibu, tumia anuani hii ya Anastazia, na usiandike jina langu juu ya bahasha.

Msalimie sana shemeji, na mama mkwe wako Mwanaidi, na watoto wote, Salehe na Mwajuma na huyo mdogo ambaye sijamwona. Jirani yako Perpetua mwambie mbegu zake za mlenda nimezihifadhi. Bi Chausiku anakusalimu. Nilimwambia nakuandikia, akasema nikwambie uandae kitanda, kisha akageukia ukutani.

Jana nilipomfungua, alikunja vidole vyote vitano kwa mara ya kwanza. Akanionyesha huku anacheka. Nilicheka naye, mbavu zikaniuma, na nilipotoka kwenda kumwaga maji nikajikuta nimesimama uani na bakuli tupu, sijui ninaomba apone upesi au apone polepole.

Mungu aifunike nyumba yako kwa heri, na awape watoto usingizi mzuri.

Ni mimi mdogo wako akupendaye popote alipo,

Mwamvua