Tanga Limefuliwa kwa Sabuni

Baba Hamadi,

Sikuulizi hali, maana hutajibu, na hata ulipokuwa hai ulikuwa mzito wa kujibu. Mimi iko hapa Rumonge. Nakula, nalala, nawagombeza wajukuu zako. Eda nimetoka. Kulia bado sijalia, na majirani wameshachoka kuningoja.

Mashua yako ililala mchangani muda wote huo, hakuna aliyeigusa mpaka nitoke ndani, kama desturi yetu. Sasa Wadachi, wale Wajerumani wa Usumbura, wamejifanyia chama cha mashua za matanga. Jumamosi wanakuja huku, Jumapili wanashindana. Hawabebi mawese, hawabebi dagaa, hata muhogo mmoja hawabebi. Wanakwenda na kurudi palepale walipotoka. Watu wazima hao. Mmoja, tunamwita Bwana Miwani, akaitaka mashua yako. Hamadi naye akataka tuuze. Yeye ni mutu wa duka, maji yanamtapisha, unamjua. Nikasema neno la mwisho ni langu, na silitoi mpaka nimepanda mwenyewe.

Wakadhani naenda kuwapima Wadachi. Nilitaka kukaa pale ulipokuwa unakaa, kwenye usukani, nijifunike pindo la tanga. Lile ulilolichovya kila mwaka kwenye maji ya magome lisioze, likanuka moshi, na samaki, na wewe. Nilikuwa nakwambia litoe nyumbani kwangu, linanuka. Safari hii nikasema moyoni: nikilinusa nitalia, yaishe.

Mutoto wako Hamadi alikuwa amelifua. Kwa sabuni, Baba Hamadi, ili lipendeze machoni pa wazungu. Nimelivuta puani, hakuna kitu. Sabuni tu.

Jumapili tukatoka na mashua zao, mimi na Bwana Miwani ndani ya yako, na upepo wenyewe ulikuwa mdogo, hauwezi hata kuzima mshumaa. Tulipofika mbele ya msitu wa Kigwena ukakatika kabisa. Mashua zote zikasimama. Bwana Miwani akavua kofia, akala biskuti, akanipa moja. Nikaila. Ungekuwepo ungeniambia yale yako, "Mama Hamadi, upepo haukemewi kama mume." Nilikaa mahali pako, mkono juu ya ubao ulioulainisha kwa mkono wako, jua likanipiga mpaka lenyewe likachoka. Nafasi ya kukutafuta nilikuwa nayo tele. Hukuwamo. Zilikuwa mbao, na maji chini yake.

Jioni upepo ukaturudisha polepole. Bwana Miwani akauliza, "Mama, unasemaje?" Nikamwambia, chukua.

Hamadi huyohuyo aliyetaka tuuze akakaa mchangani akalia, kamasi mpaka kidevuni. "Mama, hata hukufikiri." Nikamwambia, "Inuka, unachafua kanzu." Nikakaa naye lakini. Nilimpangusa kwa upande wa kanga yangu, macho yangu makavu kama kuni.

Usininunie. Ningekukuta mle ndani, nisingeitoa kwa mtu yeyote, hata kwa huyo mkubwa wao mwenye boma. Lakini sitakaa pwani kulinda mbao.

Basi ziwani sitakutafuta tena. Nitakuja kaburini kwako Ijumaa, nikung'olee majani, maana najua hakuna aliyeyang'oa. Kila Ijumaa, maadamu miguu inanibeba. Siku nikilia, nitalia hukohuko, tukiwa wawili. Nisipolia, nitakaa tu.

Lala, mume wangu. Mungu akupanulie mahali.

Mimi mkeo,
Mama Hamadi