Unga wa Robi

Kaka Okeyo,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha uliyoifundisha kule Migori mpaka ukawa unaiota. Tena mkeo Robi, Mkuria wa watu, aliingia nyumbani kwetu Ndhiwa, kwa Wajaluo, akiwa na hiyo tu ya kuzungumza nasi. Nataka aweze kuisoma barua hii akipenda.

Unakumbuka ulivyokuja kunitembelea kwenye maabara ya chuo, hapa Homa Bay? Ulizizunguka zile mashine mbili umefunga mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Nikakueleza kwamba moja hutumia miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni, na nyingine, ya Raman, hupiga kitu kwa leza na kusoma mwanga unaorudi.

"Ramani ya nini?"

"Si ramani, kaka. Raman. Ni jina la mtu."

"Basi huyo mtu alichora ramani," ukasema, na hukubadilisha msimamo mpaka unaondoka.

Nilikwambia kwamba atomu zilizoshikana hazitulii hata ndani ya jiwe. Zinatikisika, na kila mtikisiko huacha kilele chake kwenye mchoro. Kazi yangu ni kukitazama kila kilele na kusema ni cha nani. Ulivuta kiti, tukashinda mchana kutwa tukitafuta maneno. Atomu mbili zikisogeleana na kuachana, ukaita mvutiko. Pembe kati ya atomu tatu ikifunguka na kujifunga, ukaita mkunjo. Bado nayatumia darasani.

Halafu ukaja kusimama nyuma yangu na ile pumzi yako nzito ya pumu. Mashine ilikuwa inapima hewa tupu, na pale kwenye alama ya elfu mbili mia tatu na hamsini ya mchoro kilele kikaanza kupanda.

"Rudi nyuma," nikasema. "Hiyo ni kaboni dayoksaidi unayotoa."

Ukainama karibu zaidi. "Kwa hiyo nimeandikwa?"

Kisha usiku mmoja, nyumbani kwako, ulikula ugali na omena, ukalala, hukuamka. Hospitali ilisema ni moyo. Baba mdogo Odera hakukubali. Tulipomaliza kukuzika, wanawake waliokuwa wakifagia nyumba yako wakakuta kopo nyuma ya gunia la mahindi, na ndani yake unga wa kijivu uliofungwa kwa kitambaa. Hakuna aliyethubutu kuunusa. Waliliweka juu ya kigoda katikati ya boma, watu wakawa wanapita mbali nalo, hata kuku walifukuzwa wasilisogelee.

"Huyu si wetu," Baba mdogo akasema kwa Kiswahili, ili Robi asikie. "Atuambie alimlisha nini mtoto wetu. La sivyo arudi kwao."

Nilimvuta Robi kando. "Wifi, hii ni nini?"

"Nikisema mimi, itakuwa uongo," akajibu. "Peleka kwa mashine yako."

Wanafunzi walikuwa likizoni. Jengo zima lilikuwa langu na mvua ya mchana. Nilianza na hewa tupu, kama kawaida, nikatarajia mstari ulionyooka. Pale kwenye elfu mbili mia tatu na hamsini kilele kikapanda. Nikajiambia ni pumzi yangu mwenyewe. Nikaiacha mashine ikipima tena na tena, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikakaa ukumbini mbali nayo. Hewa ingetulia, kilele kingeshuka.

Niliporudi kilikuwa kimepanda zaidi ya nilivyokiacha.

Fundi angesema kifuniko kinavuja, na labda kinavuja. Mimi nilisimama pale shingo ikinisisimka, kwa kuwa kilipanda, kikashuka, kikapanda, polepole, kwa kukwama, kama mtu anayetafuta hewa. Sikugeuka. Nilisema tu, "Rudi nyuma, kaka, nifanye kazi." Sijamwambia mtu mpaka leo. Mstari ukanyooka.

Nikabana chembe za ule unga juu ya kioo cha mashine. Nilikwenda kwanza kwenye elfu mbili mia tisa, mahali ambapo karibu sumu zote za mashambani hujitaja, maana ndipo kaboni na hidrojeni huvutika. Palikuwa tambarare. Karibu na elfu moja vilisimama vilele vinene vya silikoni na oksijeni. Na juu kabisa, baada ya elfu tatu na mia sita, vilele vinne vyembamba vimesimama pamoja kama ndugu: oksijeni na hidrojeni ndani ya udongo wa mfinyanzi. Kwenye Raman unga uling'aa wote mpaka sikuona kitu. Nikauacha chini ya leza mpaka mng'ao ukafifia, na vilele vilevile vinne vikajitokeza.

Nikaenda sokoni Rangwe, nikanunua odowa, ule udongo wanaotafuna wajawazito. Nikaupima. Mchoro mmoja ulilala juu ya mwingine. Nikakaa chini.

Nyumbani nililirudisha kopo kwenye kigoda, nikawaeleza wote kwamba unga ule ni udongo tu. Baba mdogo akauliza kama mashine inaweza kukosa kitu. Nikamwambia ukweli: kitu kidogo sana kinaweza kujificha. Watu wakaanza kunong'ona. Ndipo Robi alipoinuka, akaenda kwenye kigoda, akafungua kitambaa, akachota unga kwa vidole na kula. Akachota tena. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Mara mbili nilitangaza mimba, mara mbili ikatoka," akasema. "Hii sikutaka isikike. Nilitwanga ili nisisikike hata nikitafuna. Okeyo peke yake ndiye aliyejua."

Baba mdogo alivua kofia, akakirudisha kigoda ndani mwenyewe.

Mtoto ni msichana, kaka. Alizaliwa salama, ila alilia bila kunyamaza, na akina mama wakaanza kumtajia majina ya marehemu wetu, wasikie ni nani anayetaka kurudi. La kwanza lilikuwa lako. Nilibana pumzi. Akazidi kulia. Tukamtaja mama, tukamtaja nyanya, tukamaliza ukoo. Mwisho Robi akasema kwa sauti ndogo jina la mamake, aliyezikwa kule kwao karibu na mpaka wa nchi, ambaye hakuwahi kukanyaga boma letu: "Boke."

Mtoto akanyamaza papo hapo. Akafungua macho, akamtazama Baba mdogo Odera, akaendelea kumtazama mpaka mzee akainamisha kichwa na kusema, "Karibu."

Wewe hukutaka kurudi. Nililia kidogo, kisha nikashukuru. Pumzika, kaka, pumzi isikusumbue tena.

Ni mimi, dada yako mdogo,
Atieno