Kuanzia Taa Namba Saba

Jumanne, 12 Novemba 2024

Taa zote kumi na mbili za kanisani nimeziunga. Sita mnarani, sita kwenye njia ya kushukia barabarani. Mtaro wameuchimba na kuufukia wanaume wa usharika kwa msaragambo, kazi ya pamoja. Kipande kibaya chenye mawe, baada ya taa ya sita, alikichukua Mzee Efraimu peke yake, na miaka yake sabini na moja. Nilimwambia, shikamoo baba, si uwaachie vijana? Akasema: "Marahaba. Vijana gani? Wote wako Dar."

Nimewaeleza kamati kwa mara ya tatu: waya wa umeme unawasha taa, waya wa data unaiambia taa ifanye nini. Iwe bluu, iwe nyeupe, ififie. Amri inapita taa ya kwanza, inakwenda ya pili, hadi ya mwisho, kama watu wanaopokezana ndoo za maji. Bwana Ezra, mwenyekiti wa kamati, akauliza kama zinaweza kuandika jina lake. Alikuwa anatania. Nadhani.

Tiki kumi na mbili kwenye daftari. Kesho jioni majaribio. Jumapili uzinduzi, na atakayebonyeza swichi ni Mzee Efraimu, maana mawe ya mnara huu aliyabeba kichwani akiwa kijana.

Jumatano, 13 Novemba

Mungu wangu.

Saa moja jioni, watu kama sitini. Niliita bluu. Mnara ukawa bluu — taa ya kwanza mpaka ya sita, kina mama wakapiga vigelegele. Kuanzia namba saba, wazimu! Nyekundu, kijani, zinazima, zinawaka, kila moja na lake. Watoto wakaanza kucheza. Mtu nyuma akasema usharika umefungua disko. Mchungaji hakucheka.

Nikazima.

Ezra akachukua tochi na sepetu, akafukua baada ya taa ya sita. Waya una kovu, ngozi imechanika urefu wa ukucha. Jembe. Akaniuliza mbele ya wote: fundi, hii inaweza kuharibu taa? Nikasema inaweza. Ni kweli, inaweza! Hakuuliza kama ndiyo iliyoharibu.

Akawageukia watu: "Basi Meku Efraimu amerudi kwenye kata ya pombe! Anafukia waya na mbege kichwani."

Walicheka. Mzee ana miaka tisa hajagusa pombe. Alikiri mbele ya usharika mzima, wengi wa waliocheka walikuwepo. Alivua kofia, akaivaa tena, akaondoka.

Alhamisi, 14 Novemba

Siamini maneno yanavyokwenda mbio. Asubuhi Marangu Mtoni mama muuza ndizi alinisimulia habari nzima, na nyongeza: mzee alikutwa amelala mtaroni. Nani alimkuta? Hamjui.

Mchana kamati imeliondoa jina la mzee. Swichi atabonyeza Ezra.

Jioni Mama karudi kutoka jumuiya na kubwa zaidi. Mama Elisifa, mke wa mzee, amefungasha nguo, ameshuka kwa binti yake, huko Rau. Eti alisema: "Miaka tisa nanusa pumzi yake kila jioni. Nimechoka kunusa."

Mtori wangu umepoa mezani.

Ijumaa, 15 Novemba

Niandike kwa mpangilio, maana kichwa hakitulii.

Saa tatu nimepima waya kati ya taa ya sita na ya saba. Kovu ni la ngozi ya nje tu. Ndani nyaya mbili nzima, hazigusani, maji hayajaingia. Nikapima tena. Na tena. Mzima!

Nikafungua kisanduku cha taa namba saba.

Waya mweupe wa data uko mahali pa wa bluu. Wa bluu mahali pa mweupe.

Nilikaa chini kwenye majani mabichi. Amri inafika pale inageuzwa, na taa zote zinazofuata zinaipokea kinyume. Hakuna mwingine aliyefungua kisanduku hicho. Jumatatu mvua ilinikuta pale, mwavuli nimeubana kwa shingo, na jikoni wanaita chakula. Nilitia tiki kwanza, nikaunga baadaye. Mimi! Mimi ninayewacheka mafundi wasio na daftari.

Nimezigeuza. Dakika nne. Nikafunika taa moja moja kwa koti nione rangi mchana. Bluu. Zote bluu.

Nikaenda kwa mchungaji — yuko Moshi kikaoni, anarudi kesho. Nikampigia Ezra. Kaniwahi: "Zimepona? Si nilisema ni yule mzee! Fundi hodari wewe." Nikasema asante. ASANTE! Limenitoka lenyewe. Akakata simu.

Njia ya nyumbani inapita mlangoni kwa Mzee Efraimu. Nimezungukia juu, kwenye mfereji.

Jumamosi, 16 Novemba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Naandikia chumbani, mlango nimefunga. Yuko sebuleni.

Ilipigwa hodi, nikadhani ni maziwa. Mzee Efraimu, koti la kanisani, na mkononi — isale! Jani moja bichi, limepigwa fundo. Nimewahi kuliona likiletwa kwa babu na watu waliogombania kihamba, shamba la ukoo. Ukiletewa isale unapokea, umesamehe, yamekwisha. Hakuna kukataa. Lakini huletewa wazee. Mimi nina miaka thelathini na mbili!

Hata shikamoo nilisahau. Akaanza yeye: "Mwanangu, unisamehe. Sikumbuki jembe kugusa waya, lakini mmeuona, basi nilikosa. Sikunywa. Hilo tu uwaambie, wewe wanakusikiliza. La waya nimelikubali."

Mama alitoka jikoni, akaona jani, akashika mdomo. "Ruth, pokea. Mzee hasimamishwi na isale mkononi."

Nikipokea, nimesema kweli alinikosea. Nisipopokea, nimemnyima msamaha, na hapa kwetu sijasikia aliyefanya hivyo.

Nikasema nakuja. Nikakimbilia huku.

Namsikia. Kapewa kiti, hakai. Kapewa chai, hanywi. Mama anagonga, sauti ya chini: "Ruth, wewe mtoto! Mikono yake imeanza kutetemeka. Akipita mtu barabarani atasema ni pombe."

Dirishani naona masale yetu, kwenye mpaka. Kisu kiko jikoni. Nitatokea mlango wa nyuma, nikate la kwangu la kumwomba yeye, niingie kwa mbele.

Sijui kati yetu nani hupokea kwanza.