Manivela Yangu na Karte ya Odile

Lundi, 4/11
Nimepaka tour yangu mafuta, sawa kila asubui. Hii mashini ya kuchonga chuma ilitoka mu atelier, karakana ya mugodi, siku moja na mi. Bote babili tulistaafu. Mu Kolwezi yote hakuna tourneur, fundi wa tour, sawa mi. Bale balikuwaka, balikufa.
Odile, binti yangu, mwenye alisomea umeme ku Lubumbashi, anaifungia karte mupya ya umeme, ya kuiongoza. Kidogo sawa boksi ya kiberiti. Eti mashini itajizungusha yenyewe. Programu ni ya bure, batu ba dunia yote banaiandika pamoja, lakini haijaijua bado ile karte. Odile anaifundisha. Mi sikuomba.
Bibi yangu, Mama Kabedi, amesema: samedi ya 9, puli ya mashini ya mahindi ya Mama Ndaya isipotoka, hii hangar ya tour inakuwa ya kuku. Tour inaenda kwa banunuzi ba chuma kuukuu. Nimecheka. Yeye hakucheka.

Mardi, 5/11
Imekata kidogo, imesimama. Tena. Tena. Kompyuta inaandika eti chuma haiko fasi, mahali iliagizwa kuwa. Odile anafungua programu, anasoma mistari, anakuna kichwa.
Mi niko fasi yangu, mukono ku manivela. Ile mupini ya chuma, ya kuzungushia tour. Chuma ikianza kulia, ninasukuma kidogo, niisaidie. Nilifanyaka vile maisha yote. Bila mi ingesimama hata mbele ya kuanza.

Mercredi, 6/11
Odile ameandikia batu ba programu. Mumoja eko Brazil, mwingine Poland. Batu hata hatujaonana. Balituma mistari mupya, akaiingiza. Imesimama. Balituma ingine. Imesimama.
Congo, Brazil, Poland: inchi tatu zimeshindwa na tour yangu. Nimefurahi, sitadanganya. Nimekunywa bia.
Mama Kabedi ameleta kuku. Beko mu karton pa mulango ya hangar. Banaangalia tour sawa batu banaonyeshwa nyumba mupya.

Jeudi, 7/11
Kilio ku Lubudi. Muzee mwenzangu wa atelier amekufa. Tourneur wa kawaida tu, lakini mutu muzuri. Ninaenda. Huku bataharibu kila kitu.

Vendredi, 8/11
Nimerudi. Nimekuta Odile anaimba. Jana yote tour ilikata, haikusimama hata mara moja.
Uongo. Nikasimama fasi yangu nione. Chuma ikalia. Nikasukuma. Ikasimama.
Odile aliangalia kompyuta. Kisha mukono yangu. Kisha uso.
– Tata. Hiyo mukono.
– Ninaisaidia.
– Tata, karte inapeleka chuma huku, weye unaisukuma kule. Inaona mutu anaivuta, inaogopa, inasimama!
Mama Kabedi pa mulango, na kuku mukononi:
– Kumbe ugonjwa ya mashini iko na mvi na kofia!
Odile ameandikia Brazil na Poland: kosa limepatikana, ni tata yangu, baba mwenyewe. Bamecheka. Bamenitumia salamu. Sitaki salamu yao.
Anataka kutoa manivela. Nimekataa. Nimekataa na bukari pia, ugali ya mangaribi, nikalala na njaa. Manivela haitoki. Bora kuku.

Samedi, 9/11
Si bora kuku. Asubui nilikuta mumoja amepanda juu ya tour, na amekunya.
Nimetoa manivela mi mwenyewe, na ufunguo yangu ya bolti. Sikuacha mutu aguse. Nikakaa inje, mugongo ku mulango.
Odile akaniita. Amefunga manivela ku kisanduku ya mbao, pa fasi yangu palepale. Waya inatoka mu kisanduku, inapita nyuma, kuelekea karte.
– Tata, ikilia, sukuma hapa. Karte itasikia.
Ikalia. Nikasukuma. Ikanyamaza, ikaendelea kukata laini. Nikamwambia Odile: umeona?
Puli imetoka inang'aa sawa sahani ya arusi. Mama Ndaya alipiga vigelegele, akaibeba ku kichwa. Mashini yake ya mahindi inanguruma, ninaisikia hadi hapa. Kuku bamehamia nyuma ya jiko.
Nimeuliza Mama Kabedi puli ni kazi ya mukono ya nani. Ameniongezea nyama. Hilo ndilo jibu.

Dimanche, 10/11
Nilienda misa. Mvua. Nimefagia hangar.
Nyuma ya kisanduku niliona waya. Niliifuata na kidole. Inaishia palepale nyuma, haifiki ku karte, haigusi kitu.
Odile eko jikoni na mama yake, banacheka. Anafikiri nimeamini. Afikiri tu.
Ile waya nimeikunja muzuri, nikaisukuma ndani isionekane.
Manivela nimeipaka mafuta.